Tiketi ya Meinrad ya Kwenda Vienna

Meinrad Zihlmann alikata tiketi katika stesheni ya kijiji chetu cha Schwendli kwa miaka thelathini na nane, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupanda treni ikampeleka mbali kuliko Buchs, mpakani. Ukimwuliza kwa nini, alikuwa akikwambia kwamba kuna mtu lazima akae dirishani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mkewe Klärli hutapika kwenye treni. Walipooana walijaribu mara moja kwenda Zurich, na yaliyotokea kabla hawajafika Wolhusen, Klärli hapendi yatajwe mpaka leo. Basi likizo zao zote walizimalizia kando ya ziwa, kwa gari, vioo vimeshushwa.

Lakini ratiba za Ulaya nzima zilikuwa kichwani mwake. Ukimwambia "Vienna", anakwambia treni inaondoka saa ngapi, inasimama wapi, mto uko upande gani, na ukae dirisha la kushoto au la kulia. Watu wa kijiji chetu waliokwenda kutembea nje walikwenda kwa maneno yake. Wakirudi na picha, yeye ndiye aliyekuwa akiwaeleza wamepiga nini.

Dirisha lilipofungwa ikaletwa mashine, Meinrad alisimama kando ya ile mashine wiki nzima, amevaa tai, akiwabonyezea watu vitufe. Mwishowe alipigiwa simu na wakubwa wake wakamwomba, kwa adabu, akapumzike nyumbani.

Mimi ni Theres Portmann. Niliuza jibini katika duka la kiwanda cha maziwa hadi miguu iliponikatalia, na nimekuwa mjane muda mrefu kuliko nilivyokuwa mke. Mimi na Meinrad ni hirimu moja. Mwaka wa 1944 Schwendli ilizaa watoto ishirini na saba, na kwetu watu wa mwaka mmoja hawaachani: mnaanza shule pamoja, mnakula pamoja kila mnapotimiza miaka ya kuhesabika, na kila baada ya miaka mitano mnasafiri pamoja. Wake na waume zetu hawaji. Uwe umeolewa na mtu wa arobaini na nne kwa nusu karne, kama wewe ni wa arobaini na saba kama Klärli, utabaki nyumbani kumwagilia maua. Na anayekufa hajaziwi pengo lake na mtu. Tulipotimiza sabini na tano tulikuwa kumi na sita. Tulipokaribia themanini tukawa kumi na mmoja.

Safari ya themanini ilikuwa iwe Vienna, Juni. Meinrad ndiye aliyeitaja, na alivyoitaja, macho yamemtoka kama mtoto, hakuna aliyethubutu kutaja mji mwingine. Kilichobaki ni kununua tiketi tu. Hapo ndipo balaa lilipoanza, na ngoja niseme mapema kabla hamjasikia kwa watu: balaa lenyewe ni mimi.

Tiketi za bei nafuu hufunguliwa miezi sita kabla. Zinaandikwa jina la mtu na treni moja tu, na ukishalipa umelipa: ufe, upone, uvunjike nyonga, hurudishiwi hata senti. Ukingoja zinakwisha, na zinazobaki ni zile za bei kamili, ambazo unaweza kuzirudisha mpaka siku ya safari. Kwa hiyo mzee wa miaka themanini anayenunua tiketi ya bei nafuu mwezi wa Desemba anaweka dau juu ya uhai wake. Wisi Stadelmann, aliyekuwa mchinjaji wetu, alilisema hilo waziwazi: "Mimi hata ndizi mbichi sinunui siku hizi." Tulicheka, kisha kila mtu akatazama kikombe chake.

Sasa, sisi tuna sheria yetu. Tulipokuwa na miaka ishirini tulikwenda Italia kwa basi, tukagombana hadi watatu wakarudi kwa miguu yao, na tangu siku hiyo tulikubaliana kwamba jambo la safari halipiti mpaka mikono yote imeinuka. Mkono mmoja ukibaki chini, jambo linalala hadi Jumatano ya kwanza ya mwezi unaofuata. Haulizwi mtu sababu. Sheria hiyo imetuweka pamoja miaka sitini, na nimeilaani kuliko kitu chochote nilichowahi kukilaani.

Mwisho wa Novemba Klärli alikuja kwangu na mkate wa mapeasi makavu. Alipoukata vipande vyembamba hivyo, nilijua amekuja na jambo.

"Theres, shoga yangu, nina neno, na likitoka humu ndani mimi na wewe basi."

"Lini nimewahi kutoa neno lako nje?"

"Moyo wa Meinrad mbovu. Mlango mmoja wa moyo umechakaa, hauzibi. Daktari anasema lazima wamfungue. Wataleta barua ya tarehe, inaweza kuwa mwezi huu, inaweza kuwa kiangazi. Yeye hataki mtu ajue. Hasa nyie."

"Kwa nini hasa sisi?"

"Kwa sababu mtamwonea huruma, na yeye akionewa huruma anakuwa mkali kama nyigu." Alijipangusa makombo mapajani. "Sasa sikiliza. Mkinunua hizo tiketi kabla barua haijafika, atakataa kulazwa. Atasema kishalipa. Namjua. Halafu aanguke huko kwenye milima ya Austria, nani atamshika? Mimi si wa mwaka wenu. Mimi nitakuwa hapa namwagilia maua."

"Kwa hiyo unataka nifanye nini?"

"Mkono wako, Theres. Usiuinue mpaka barua ije."

Ningekuwa na akili ningemwambia hapana. Lakini alikuwa ananiomba, na Klärli si mtu wa kuomba. Nikampa neno langu.

Jumatano ya kwanza ya Desemba tulikutana kwenye mkahawa wa Rössli, saa tisa alasiri, meza yetu ile ya pembeni. Meinrad alikuja na karatasi. Alikuwa amechora behewa zima kwa rula, kiti kwa kiti, na viti kumi na moja vilivyofuatana amevipaka penseli nyekundu.

"Behewa moja," alisema. "Tunakaa pamoja wote kama darasani. Agatha dirishani kwa sababu anazimia. Wisi karibu na choo kwa sababu mnazijua."

"Asante kwa kunitangaza," Wisi alisema.

"Bei haitashuka tena chini ya hapo. Mimi nawaambia, hii ndiyo kazi yangu. Mikono."

Mikono kumi iliinuka. Wangu ulikuwa umeshika kikombe cha kahawa yenye pombe ya matunda, na nikaendelea kuukaza humo kama kikombe kingeruka.

Agatha Emmenegger, mwenyekiti wetu, alinitazama. "Theres?"

"Tumalize Krismasi kwanza."

"Krismasi ina nini na Juni?" Meinrad aliuliza.

"Sheria inasema haulizwi mtu sababu."

Alikunja ile karatasi polepole, mara nne. Sikuweza kumtazama.

Januari alikuja na karatasi nyingine. Viti kumi na moja bado vilikuwepo, lakini si vya kufuatana. Nilisema goti langu linaniuma sijui kama litafika. Wisi akasema goti langu limekuwa likiniuma tangu enzi za usichana wangu na halijawahi kunizuia kwenda kwenye mnada wa ng'ombe. Februari vilibaki saba. Nilisema tusubiri, huenda bei zikashuka.

Hapo Meinrad alilipuka. "Zishuke? Zishuke, Theres? Miaka thelathini na nane nimekaa kwenye lile dirisha, umewahi kuona bei inashuka? Wewe jibini yako ilikuwa inashuka?"

"Haraka haraka haina baraka."

"Na ngojangoja huumiza matumbo!" Wisi aliingilia. "Mwanamke we, una nini? Kama hutaki kwenda sema hutaki, twende kumi."

"Nataka kwenda."

"Basi nyanyua huo mkono, umeufunga kamba?"

Nilichukua koti langu nikatoka. Nyumbani nililia, si kwa huzuni, kwa hasira. Nilimkasirikia Klärli kwa kunibebesha mzigo wake. Nilimkasirikia Meinrad kwa kuficha ugonjwa halafu anakuja na karatasi zake za rula kama mtu mwenye miaka mia mbele yake. Na hospitali nayo, barua moja tu, miezi mitatu! Kila asubuhi nilikuwa nikimwona mtu wa posta akipita kwa Zihlmann, na nilikuwa nikitamani kumsimamisha nimpekue mkoba.

Kijijini nilishakuwa hadithi. Duka la mkate mazungumzo yalikuwa yakikatika nikiingia. Agatha alinipigia simu akaniuliza kwa upole wa kuudhi kama nina shida ya fedha, kwamba wenzangu wanaweza kunichangia kimyakimya. Mimi! Nilimkatia simu. Halafu nikampigia kumwomba radhi, na nilipoombwa nieleze, nikaishia kumkatia tena.

Machi nilikuja sina hata kisingizio. Viti vya bei nafuu vilibaki vinne. Meinrad hakuleta mchoro. Alisema tu "Mikono," kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, na mikono kumi ikaenda juu, na mimi nikatazama meza. Hakuna aliyenitukana siku hiyo. Walivaa makoti yao wakaondoka mmojammoja, na Wisi, ambaye hunirudisha nyumbani kwa gari tangu goti langu lilipoharibika, alisahau kunirudisha.

Kesho yake asubuhi Meinrad aligonga mlango wangu. Alipanda ngazi zangu sita akapumzika kwenye ya tatu, nikamwona dirishani, nikajitia sijamwona. Alipoketi midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Nimekukosea nini, Theres?"

"Hujanikosea."

"Basi Klärli amekwambia."

Nilikuwa na birika mkononi. Nililiweka chini. Nimewauzia watu jibini miaka arobaini bila uso wangu kuniumbua juu ya mizani, lakini mbele ya huyu mwenye kunijua tangu nikiwa sina meno ya mbele, sikuweza.

"Nilidhani hivyo," alisema. "Tangu Januari. Goti! Nikajisemea, Theres hajui kudanganya, kuna mtu amemtuma." Hakuwa amekasirika, na hilo lilinitisha zaidi. "Barua imekuja jana. Tarehe tano Juni."

Safari yetu ilikuwa inaondoka tarehe nne.

"Basi ni Mungu, Meinrad. Nenda ukapone. Vienna haihami."

"Nimewapigia simu jana hiyo hiyo, nikauliza kama wanaweza kunisogeza. Wakasema ndiyo, Septemba. Daktari amesema kusubiri kuna hatari, na kufunguliwa kifua kwa umri wangu nako kuna hatari, na hakuweza kuniambia ipi kubwa. Nikamwambia asante, angalau wewe husemi uongo." Alivua miwani. "Sitaki kulala kwenye kile kitanda, wanifungue, nikiwa sijapita Buchs. Basi. Sina sababu nyingine, wala si ya maana sana. Nimewakatia watu tiketi za kwenda kule maisha yangu yote."

"Mwambie Klärli hivyo hivyo."

"Nimemwambia. Analia. Klärli hawezi kunikubalia hivi hivi, anaogopa, atajiona ameniua. Anahitaji sababu iliyo nje yake." Aliifuta miwani kwa leso. "Wewe unamjua. Mwaka ule alikwenda kwenye tamasha la kwaya na homa ya digrii thelathini na tisa kwa sababu tiketi ilishalipiwa. Hajawahi kutupa ukoko wa mkate. Kama nina tiketi mkononi, imelipwa, na hairudishwi hata senti, atanung'unika siku mbili, halafu atanifungia begi. Ndiyo maana nazitaka za bei nafuu, Theres. Bei yenyewe hainihusu. Nataka tiketi isiyorudishwa."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Miezi minne nilikuwa nimeshika mkono wangu chini nikidhani namwokoa, kumbe kitu pekee alichokuwa anakihitaji mimi ndiye niliyekuwa nakizuia.

"Nunua leo," nilisema. "Nauinua hapa hapa, huu hapa, uone."

"Sheria ni Jumatano ya kwanza. Mbele ya wote."

"Meinrad, viko vinne tu!"

"Sheria ni sheria."

Ndivyo tulivyo watu wa huku. Mtu anaomba nafasi ya mwisho maishani mwake, na anasubiri mkutano.

Jumatano ya kwanza ya Aprili niliinua mkono kabla Agatha hajamaliza kusalimia. Wisi alipiga makofi, mwenye mkahawa akaleta duru moja ya vinywaji bure. Meinrad alifungua kompyuta ya mjukuu wake palepale mezani, akavaa miwani, akabonyeza. Nilikuwa nimekaa mkabala naye. Nilimwona akibonyeza tena, na tena, kisha akaacha kidole hewani.

"Zimekwisha," alisema. "Zimebaki za bei kamili. Mabehewa mawili."

"Potelea mbali!" Wisi alisema. "Nunua. Themanini inakuja mara moja. Tena hizo zinarudishwa, ndizo zinazotufaa mizoga kama sisi."

Wote walicheka isipokuwa wawili. Alizinunua, kumi na moja, akiita majina yetu moja moja kwa sauti ile ya dirishani, na alipofika la kwake alilitaja kama la mtu mwingine yeyote.

Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikirudi nyumbani siku ile. Na kana kwamba hiyo haitoshi, Klärli alikuwa ananisubiri mlangoni kwangu.

"Umeinua mkono," alisema.

"Barua imefika. Nilikuahidi mpaka barua ije."

"Ulitimiza. Sikulaumu." Alikaa kwenye benchi langu la nje bila kuvua kofia. Alikuwa amekonda. "Wamekutukana kwa ajili yangu miezi minne, na hukusema neno. Sitasahau. Kwa hiyo nakuuliza wewe, yeye simuulizi, maana yeye atanidanganya. Hizo tiketi, zinarudishwa?"

Mahali hapo, kwenye benchi, nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Neno lenyewe fupi. Lakini nilimwona Meinrad kwenye ngazi ya tatu, na midomo yake, na nikakumbuka yote niliyomharibia, na nikaona kuna njia moja tu ya kuyatengeneza.

"Hazirudishwi," nilisema. "Hata senti."

Klärli alitazama barabara. Lilipita trekta, likapita na mbolea yake, na yeye bado anatazama.

"Basi," alisema mwishowe. "Basi aende." Akanyanyuka, akanibusu mashavu yote mawili, akaenda zake. Nilimwona akitembea upesi, mgongo umenyooka, na nikajipongeza. Ndiyo, nilijipongeza. Nilikula chakula cha jioni kwa hamu siku ile.

Meinrad hatukuwahi kuzungumza naye jambo hilo. Jumapili baada ya misa alinijia nje ya kanisa akasema, "Klärli ameanza kufunga begi. Anasema hatutupi hela." Alinitazama kidogo. Mimi nikazungumzia hali ya hewa.

Tulikwenda. Sitaki kueleza Vienna, mmeiona kwenye kalenda. Nitasema tu kwamba treni ilipofika Buchs, Meinrad alisimama, na ilipoanza kuondoka aliendelea kusimama, ameshika kiti cha mbele, hadi tukavuka mpaka. Halafu aliketi, na kwa saa nzima alikuwa akitamka jina la kila stesheni kabla haijaonekana. Hakukosea hata moja. Kwenye milima alinyamaza kabisa. Mkata tiketi wa Austria alipopita, kijana mwenye hereni, Meinrad alimpa tiketi yake kwa mikono miwili, akaomba aitoboe tundu badala ya kuipiga picha kwa mashine. Yule kijana alisema siku hizi hawatoboi, halafu akamtazama usoni, akachukua kalamu akamwandikia tarehe na jina lake. Huko Vienna wenzetu walikwenda kwenye kasri la wafalme. Meinrad aliketi stesheni kuu siku nzima chini ya ubao wa safari, nami nikakaa naye, tukala soseji. Aliniambia, "Ile ya Budapest imechelewa dakika sita," kwa furaha kama ameahidiwa urithi. Hakuanguka. Hakuna aliyehitaji kumshika.

Septemba walimfungua kifua, na siku ya tatu akafa.

Tulimzika tukiwa kumi. Daktari alisema huenda ingekuwa hivyo hivyo Juni, huenda isingekuwa. Nililishika hilo la kwanza na kuliacha la pili, kama mtu yeyote angefanya. Nilikuwa nikimtembelea Klärli kila Alhamisi, tukinywa kahawa, na alikuwa akipenda nimsimulie safari: Buchs, zile stesheni, yule kijana mwenye hereni. Nilimsimulia hata mara ishirini. Nilidhani namfariji.

Mwezi wa Novemba alikuja kwangu mwenyewe, siku isiyo Alhamisi. Hakuketi. Alikuwa ametoa nguo za Meinrad za kupeleka kanisani kwa maskini, na kwenye mfuko wa ndani wa koti la safari alikuta tiketi. Ningepaswa kujua. Yule mtu hakuwahi kutupa tiketi maishani mwake.

Aliiweka mezani kwangu, akaweka kidole kwenye maandishi madogo ya chini.

"Soma."

"Klärli—"

"Soma, Theres. Una miwani."

Nilisoma. Inarudishwa kwa bei yote hadi siku ya safari.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile benchini?"

"Nilijua. Nilitaka akuone umekubali. Ungemzuia, Klärli, na yeye alikuwa anaitaka sana, nami nilikuwa nimeshamharibia..."

"Nani kakwambia ningemzuia?"

Nilivua miwani.

"Nilikuwa nimeshakata shauri," alisema. Hakupaza sauti. "Asubuhi ile. Nililia usiku kucha, nikasema huyu mtu amenifuata ziwani miaka hamsini kwa sababu ya tumbo langu, sasa ni zamu yangu. Nilikuja kukuuliza kama tiketi inarudishwa ili nirudi nyumbani nimwambie: Meinrad, inarudishwa, na mimi sitairudisha. Nilitaka asikie hivyo. Wewe ukaniambia hairudishwi, basi neno langu likawa halina maana tena, nikasema lile la hatutupi hela, maana nilikuwa nimebaki na hilo tu."

Aliichukua tiketi, akaikunja, akaitia mkobani.

"Amekufa akidhani nilimwachia aende kwa sababu ya faranga," alisema.

Alishuka ngazi zangu sita bila kushika ukuta. Nilimwita mara mbili. Kwenye duka la mkate siku hizi hunisalimia kama anavyomsalimia mgeni, vizuri tu, kisha hugeuka kuchagua mkate wake.